Kupiga picha za wadudu na buibui wa uani: mwongozo wa anayeanza, kutoka Mwanza

Usianze na kipepeo. Karibu kila anayeanza huanza naye, humkimbiza uani mpaka jasho linamtoka, na jioni akifungua simu anakuta picha arobaini za majani. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nzima. Kipepeo aliyekwisha kuota jua ana kasi, anaona karibu pande zote, na hana shida na wewe.

Anza na ukuta ulio chini ya taa ya barazani. Sisi tunaokaa Mwanza tuna bahati ambayo mtu wa Dodoma hana: ziwa linatuletea wadudu mpaka mlangoni. Siku za mwezi mwandamo utaona juu ya maji kitu kama moshi wa moto wa nyika, nguzo ya kijivu inayosimama, inayumba, kisha inainama na upepo. Ni vidudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, wametoka majini kujamiiana, kutaga na kufa. Upepo ukiwaleta nchi kavu jioni hufuata taa zetu, na kukicha ukuta umejaa madoa. Nyumbani watataka kufagia. Omba wakuachie mpaka saa mbili.

Vidudu hao wanafanana na mbu, ila hawana ule mrija mrefu wa kufyonzea damu na hawamuumi mtu. Kwa mwanafunzi hakuna mwalimu bora kuliko wao. Wametulia, hawakuogopi, na ukiharibu kumi bado wapo mia. Dume utamjua kwa vipapasio vyake vyenye manyoya mengi, kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Vya jike ni vyembamba tu. Zoezi lako la kwanza ni hilo: pata picha moja ambayo manyoya ya vipapasio vya dume yanaonekana moja moja. Ukichukua siku tano kuipata, hujachelewa.

Kifaa: nenda kwa fundi saa

Simu nyingi za bei ya kati siku hizi zina kamera ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya megapikseli 2, na fokasi yake imefungwa kwenye umbali wa sentimita 4 hivi. Jaribu, lakini usiitegemee. Picha yake ni hafifu, na mwanga ukipungua kidogo tu inakuwa kama imepigwa kupitia chandarua. Kamera kuu ya simu hiyohiyo ni bora mbali sana. Kinachokosekana ni kioo cha kuikuzia mdudu mbele yake.

Kioo hicho unaweza kununua kama lenzi ya kubana kwenye simu, zinauzwa maduka ya vifaa vya simu mjini. Mimi nilipata changu kwa fundi saa: ile lenzi nyeusi anayobana jichoni akifungua saa. Alikuwa na ya zamani, tukapatana kwa hela ya sahani mbili za chipsi mayai. Uliza imeandikwa inakuza mara ngapi. Ya mara 5 inaona vizuri mdudu akiwa umbali wa sentimita 5, na ya mara 10 umbali wa sentimita 2.5. Anayeanza achukue ya mara 5. Ya mara 10 inavutia dukani, lakini ukifika uani inakutaka umkaribie buibui hadi umguse, na wakati huo simu yenyewe imeshamzibia mwanga.

Namna ya kuifunga: iweke sawasawa juu ya jicho la kamera kuu, fungua kamera, isogeze taratibu mpaka duara jeusi la pembeni lilingane pande zote, kisha ishikize kwa rababendi mbili zilizopishana. Kabla ya hapo bandika kipande cha mpira wa ndani ya tairi la baiskeli kwenye ukingo wa lenzi. Mimi sikufanya hivyo, na kioo cha kamera yangu kina mchoro wa nusu duara mpaka leo. Simu zenye kamera tatu zina tabia ya kuruka kwenda kamera nyingine unapokaribia kitu; kama yako inafanya hivyo, tafuta kwenye mipangilio ya kamera pa kuizuia, au piga kwa kuzumu mara 2.

Wenye kamera kubwa mambo yao ni haya, kwa kifupi. Pete za kurefushia lenzi hazina kioo ndani, kwa hiyo hata za bei nafuu haziharibu ubora wa picha. Pete ya kugeuzia lenzi, inayokuwezesha kuifunga nyuma mbele, ni rahisi zaidi, na lenzi ya kawaida ya mm 18-55 ikigeuzwa na kuwekwa kwenye mm 18 inamkuza sisimizi kupita ukubwa wake halisi. Tatizo ni kwamba lenzi nyingi za kisasa zikigeuzwa huwezi tena kubadili tundu la mwanga, lile linaloamua mwanga kiasi gani uingie. Lenzi ya zamani ya mm 50 yenye pete ya tundu ndiyo inayofaa. Anza na f/8 au f/11 (ni kipimo cha tundu; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kasi ya 1/200 ya sekunde, ISO 200 (wepesi wa kamera kuona mwanga), na flashi iliyofunikwa. Usikimbilie f/22 kwa tamaa ya kupata kila kitu kwenye fokasi. Ukikaribia mpaka mdudu aonekane kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisio, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, f/11 tayari inafanya kazi kama f/22, na zaidi ya hapo picha nzima inalainika.

Mwanga ndiyo kazi yenyewe

Nimeona watu wananunua lenzi ya pili na ya tatu, na picha zao ziko vilevile. Kinachowashinda ni mwanga. Unapomkaribia mdudu, simu na kichwa chako vinamwekea giza, na simu ikiona giza inapunguza kasi ya kupiga. Mkono ukitikisika kidogo tu, picha imeshapotea.

Mwanza tuko karibu nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta. Saa sita, saa saba mchana jua liko utosini. Mdudu aliye juu ya jani anang'aa mgongoni kama sufuria mpya, na tumbo na macho yako gizani. Saa hizo kaa kivulini, kula chakula cha mchana. Kama ni lazima upige, fanya vitu viwili: mtu akushikie mwavuli mweupe au shuka jeupe juu ya mdudu ili jua lichujwe, nawe uweke karatasi nyeupe ya A4 chini yake ili irudishe mwanga tumboni.

Saa nzuri ni asubuhi. Jua huchomoza kwetu kati ya saa 12:30 na saa 1:00 mwaka mzima, na kuanzia hapo una kama saa mbili za baraka. Mwanga umelala, umande upo, na wadudu wamepoa miili hivyo hawana haraka. Na la muhimu kuliko yote, upepo bado. Nchi kavu ikishapata joto kuliko maji, hewa huanza kuvuma kutoka ziwani kuja huku, na kuanzia hapo kila jani linacheza. Kwa macho ni mtikisiko mdogo tu. Kwenye lenzi ya kukuza mdudu anaruka kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Dawa yake ni kibanio cha nguo: kifunge kwenye fimbo, chomeka fimbo ardhini, bana shina la mmea karibu na mdudu. Shina litatulia. Kwa bei ya kibanio kimoja sijui kifaa kinachokishinda.

Usiku na alfajiri utahitaji tochi. Tochi tupu inatoa mwanga mkali wa nukta moja, na macho ya buibui yanakuwa na vidoti vyeupe vya kuudhi. Ufunike. Miongozo mingi ya nje inakwambia tumia mfuko mweupe wa plastiki. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo si nyenzo nzuri. Tafuta ile sponji nyembamba nyeupe wanayozungushia vioo na skrini za televisheni zikiwa kwenye boksi, dukani wanaitupa. Kunja mara mbili, ishike kati ya tochi na mdudu, karibu na mdudu kadiri unavyoweza bila kumgusa. Ukaribu ndio siri. Sponji ikiwa sentimita 5 kutoka kwa sisimizi, kwake ni kama mbingu yenye mawingu. Ikiwa nusu mita, imerudi kuwa nukta. Ukiwa na tochi ya pili iweke upande wa nyuma kwa chini, hapo manyoya ya miguu yatawaka pembeni na mdudu atajitenga na ukuta pichani.

Taa ya barazani yenyewe izime unapopiga. Balbu nyingi za LED za bei nafuu zinapepesa kufuata umeme, macho hayaoni, lakini simu inachora mistari ya giza katikati ya picha. Tochi nyingi za betri hazina shida hiyo.

Kumkaribia

Simama kwanza. Ukishamwona mdudu, usitoe simu. Mwangalie anafanya nini kwa dakika moja. Anakula? Anajisafisha uso? Ameganda? Anayekula au kujisafisha atakuvumilia. Anayetembeatembea atakuchosha bure.

Halafu angalia kivuli chako kiko wapi. Wadudu wengi hawajui binadamu ni nini, ila wanajua kivuli kinachopita ghafla ni ndege. Zunguka mpaka kivuli kiangukie upande mwingine, shuka chini mpaka uwe usawa wake, na usogee kwa kwenda mbele tu. Mikono ikipeperuka kushoto na kulia unaonekana. Ukienda moja kwa moja unakua taratibu machoni pake. Usimpulizie pumzi. Piga picha ya kwanza ukiwa bado mbali, ya pili ukiwa karibu zaidi, ya tatu zaidi. Akiruka kabla hujafika, walau una ushahidi kwamba alikuwepo.

Kabla hujapiga goti au kulala chini, tazama ardhi. Siafu hawana salamu.

Fokasi

Ukiwa na lenzi ya mara 5, kinachoonekana vizuri mbele yako ni kama unene wa punje ya mchele. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Kwa hiyo acha kugusagusa skrini. Bonyeza palepale mdudu alipo na ushikilie mpaka simu ikuonyeshe kwamba fokasi imefungwa, shusha mwanga kidogo kwa ile alama ya jua, halafu simu isihangaike tena. Sasa fokasi ni mwili wako. Egemeza viwiko kwenye magoti au ukutani, na uende mbele na nyuma milimita kwa milimita kama mtu anayesinzia kanisani, huku umeshikilia kitufe ili simu ipige mfululizo. Kati ya picha 20 moja itakuwa imeshika jicho. Hiyo moja ndiyo uliyoifuata.

Jicho kwanza, daima. Miguu ikiwa na ukungu watu wanasamehe, jicho likiwa na ukungu hawasamehi. Kama unataka mwili wote uonekane, usimpige kwa mshazari: lalisha simu iwe sambamba na ubavu wake au mgongo wake, ule unene wa punje ya mchele uangukie kote.

Buibui aliye katikati ya utando ni mtihani wa peke yake, maana simu inampita na kushika ukuta wa nyuma. Peleka kiganja chako nyuma ya utando, karibu na buibui, funga fokasi kwenye kiganja, kisha kiondoe taratibu. Usiguse nyuzi, ukizigusa atadondoka au atautikisa utando mpaka usimwone.

Kuna watu wanaweka mdudu kwenye friji ili atulie, au wanamgundisha. Picha hizo nazijua nikiziona: miguu imekunjika visivyo, vipapasio vimelala. Mdudu aliyepoozwa hana habari ya kukusimulia. Mimi nangoja asubuhi, asubuhi inampoza bila gharama.

Nani wa kumtafuta, na wapi

Buibui mrukaji ndiye rafiki wa mpiga picha. Ni yule mfupi, mwenye manyoya, anayetembea ukutani mchana kwa vishindo vidogo, hafumi utando wa kunasia. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za basi, na anayatumia: ukimsogelea anageuka kukutazama. Hakuna mdudu wa uani anayekupa uso kwa hiari namna hiyo. Mngoje ageuke, usimzunguke. Wakati mwingine ataruka na kutua kwenye lenzi yako. Usimpukute, mwekee jani apande.

Mmoja wa jamii hiyo amewashangaza wanasayansi kwenye mwambao wa ziwa hilihili, upande wa Kenya, hasa pale Mbita. Jina lake Evarcha culicivora, alitambulishwa rasmi mwaka 2003. Kati ya vyakula vyake anampendelea mbu jike wa malaria aliyekwisha kunywa damu, na hivyo anapata damu ya watu na wanyama bila kumuuma mtu. Uso wake mwekundu. Tangu nisome habari zake, kila buibui mrukaji mwenye wekundu usoni nampiga picha mbele, juu na ubavuni, na kumtakia kazi njema.

Halafu kuna anayejifanya sisimizi. Utamwona katika msafara wa sisimizi kwenye shina la mwembe au mpapai, kiuno chembamba, rangi ileile, anakwenda kwa kudokoadokoa kama wao. Hesabu miguu. Sisimizi ana sita na vipapasio viwili. Huyu ana minane, na ile miwili ya mbele anaiinua na kuichezesha kama vipapasio. Mara nyingi nimemgundua nikiwa nimeshafika nyumbani, nikikuza picha niliyodhani ni ya sisimizi.

Kwenye mchicha na matembele yako geuza majani polepole, utakuta vidukari, na juu yao mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa wanaowala. Hapo piga kwa usawa wa jani. Kwenye maua tafuta buibui-kaa, amekaa kimya na miguu ya mbele ameitandaza, rangi yake inakaribia ua. Ukiona nyuki amening'inia kwenye ua hasogei, chungulia chini yake.

Bombani, pale maji yanapomwagika, huja nyigu wa matope. Anakusanya kidonge cha tope, anaondoka, na baada ya muda anarudi palepale. Usimfuate kwake, lala karibu na tope, funga fokasi kwenye alama alizoacha, ngoja. Katika vyumba vyake vya udongo kuna jamii ya nyigu wanaoweka buibui waliopoozwa kwa mwiba, chakula cha mtoto atakayezaliwa. Nyigu anayefanya kazi peke yake namna hii ana shughuli zake, hakujali. Wale wa kundi wenye kiota cha karatasi chini ya bati ni habari nyingine, na mzinga wa nyuki ni habari nyingine kabisa: kaa mbali.

Vumbi kavu chini ya ubaraza lina vishimo vya umbo la faneli. Watoto wanavijua. Chini ya kila kimoja amejificha kiwavi mwenye meno marefu, akisubiri sisimizi ateleze; akikua atakuwa na mabawa kama ya kereng'ende. Weka tochi ilale chini, mwanga upite juu ya vumbi kwa ubavu, na kishimo kitaonekana kama bonde la mwezini.

Na vunjajungu. Siku moja nilimpata mmoja wa kijani juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ameinua mikono, mwanga wa saa moja unamwangaza ubavuni. Nimesogea dakika kumi. Nafunga fokasi hivi, mjusi wa mawe akatokea juu, yule dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu ambaye watalii wanampiga picha kisiwani Saanane, akamnyakua na kuondoka naye. Nina picha ya jiwe, safi kabisa. Tangu hapo kwenye mawe nawapiga wadudu mapema kabla mijusi haijaota jua.

Kereng'ende wako kwa wingi penye matete. Hurudi kwenye kijiti kilekile baada ya kila mzunguko, basi chagua kijiti, si kereng'ende. Ila baki nchi kavu. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na pembezoni mwa ziwa pia kuna mamba na viboko. Hakuna picha ya kereng'ende inayostahili kuingiza miguu humo.

Mawe yetu nayo yana wenyewe. Usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani. Swila anapenda kivuli kama wewe. Chini ya viti vya plastiki vilivyosahaulika uani anaweza kukaa buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa tumboni, umbo la kioo cha saa ya mchanga, na vifuko vyake vya mayai vina miiba midogo kama mbigili. Mpige picha, usimshike. Viwavi wenye manyoya nao usiwaguse, watakuwasha siku mbili.

Usiku

Saa tatu usiku (kwa wadudu hiyo ni saa ya kazi) shika tochi usawa wa paji la uso, karibu na macho yako, na umulike nyasi mita kadhaa mbele. Vinukta vinavyometa kijanikijani si umande. Ni macho ya buibui wawindaji wanaokimbia ardhini. Yana kitu nyuma kinachorudisha mwanga, kama ya paka. Shusha tochi mpaka kifuani na vinatoweka, pandisha, vimerudi. Fuata kinukta kimoja bila kukiachia mwanga, utamkuta mwenyewe ameduwaa.

Waambie majirani mapema. Mimi sikusema. Usiku wa pili nimepiga magoti chini ya ukuta wa jirani, tochi kichwani, namnong'oneza buibui atulie, dirisha likafunguka. "Mwalimu, umepoteza nini huko?" Nikasema, "Shikamoo mama, napiga picha buibui." Kimya kirefu. Kwa mji wetu mtu anayezunguka kuta za watu usiku anatafsiriwa haraka, na tafsiri yenyewe si nzuri. Asubuhi nilikwenda na simu, nikatoa mwangaluka yangu, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa adabu, nikamwonyesha picha zote. Alikaa nazo muda, akasema yule mwenye macho makubwa anafanana na shemeji yake.

Vaa mikono mirefu na suruali kwa ajili ya mbu. Na msimu wa mvua, mdudu mwembamba mwenye mistari ya wekundu na weusi akikutua shingoni, yule tunayemwita Nairobi flai, usimpige kofi. Haumi wala hana mwiba. Sumu iko ndani ya mwili wake, ukimponda ndipo inakubabua. Mpulize aondoke, na kama umeshamponda osha kwa sabuni na maji kabla hujagusa macho.

Ukishapiga

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, kuza kila picha mpaka uone jicho. Jicho halijakaa, futa. Katika mia nikibaki na nane nimefurahi. Kwa kusafisha natumia programu ya Snapseed, ni ya bure: nakata pembeni kidogo, nainua vivuli, nakaza maelezo kwa kiasi. Ukikaza sana manyoya yanakuwa waya. Usikate mpaka mdudu ajae fremu yote. Mwachie nafasi upande anaotazama.

Unapotuma kwa WhatsApp usitume kama picha, itabanwa na kazi yote ya sponji na kibanio itapotea. Tuma kama dokumenti.

Kumjua mdudu jina, pandisha kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu husaidiana kutambua viumbe kwa picha, picha tatu za mdudu huyohuyo: juu, ubavuni, na usoni. Kwa buibui ya usoni ndiyo inayoamua mara nyingi, kwa sababu mpangilio wa macho hutenganisha familia moja na nyingine. Weka tarehe na mahali, kisha kwenye sehemu ya eneo chagua kuficha mahali kamili. Watu wa dunia nzima wanaweza kujua kwamba uko Mwanza na una buibui mzuri, bila kujua geti lako ni lipi.